Hotspoti ya Simu ya Keshia Si Mpango wa Biashara

Mimi nilisomea marketing, si mambo ya nyaya. Chuoni tulijadili sana vile mteja anavyojisikia akiwa kwenye kaunta: akilipa, akipewa risiti, akiambiwa karibu tena. Hakuna aliyetuambia kwamba hayo yote yanategemea waya mmoja mwembamba uliopita kwenye nguzo hapo nje.

Hilo nilifunzwa na duka la shangazi yangu. Anauza dawa mjini Thika, na kuna kipindi nilikuwa namsaidia wikendi kupanga hesabu. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, saa tano asubuhi, watu waliokuwa wakichimba mtaro kando ya barabara walikata waya wa intaneti. Ruta yetu ilikuwa inawaka taa vizuri tu, kwa hivyo tulipoteza nusu saa tukidhani shida ni kompyuta.

Keshia, msichana mwenye bidii, akawasha hotspoti ya simu yake. Ikasaidia kidogo. Halafu mtandao ukakatika mteja mmoja akiwa katikati ya kulipia dawa za presha. Keshia hakuona jibu, akatuma ombi la malipo mara ya pili. Yule mama akaweka PIN tena, akakatwa mara mbili. Baada ya hapo bando likaisha, kwa sababu kompyuta ilikuwa imeanza kupakua masasisho yake kimya kimya. Wateja wakaanza kujilipia wenyewe kwa namba ya Till, wakionyesha ujumbe kwenye simu zao. Foleni ilikuwa ndefu, hakuna aliyekuwa na muda wa kuhakikisha. Jioni tulipolinganisha hesabu, malipo matatu hayakuwepo kwenye akaunti. Ujumbe ulikuwa feki. Shilingi 7,400 zilienda hivyo.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: biashara inayopokea malipo kupitia mfumo wa mtandaoni inahitaji njia ya pili ya intaneti, inayotumia laini ya simu, na njia hiyo inafaa kuunganishwa kwenye faiawoli ya biashara yenyewe. Isikae mfukoni mwa keshia.

Najua utauliza, si mteja anaweza kulipa kwa simu yake hata intaneti ya duka ikipotea? Ndiyo, anaweza. Lakini duka la leo halihitaji pesa kuingia tu. Mfumo wa mauzo unatakiwa kujua pesa zimeingia, stoki ipunguzwe, na ankara ya eTIMS ifike KRA. Mfumo ukiwa kipofu, keshia anabaki kuamini anachoonyeshwa, na matapeli wanaijua hiyo saa vizuri kuliko wewe.

Na kwa nini faiawoli? Hicho ndicho kiboksi kinachokaa kati ya mtandao wa nje na vifaa vyako, kikiamua nini kiingie na nini kitoke. Ukiunganisha kompyuta ya mauzo kwa hotspoti, umemruka mlinzi wa lango ukapitia dirishani. Sheria zote ulizolipia fundi aziweke hazifanyi kazi tena. Ila laini ya simu ikiingia kupitia faiawoli, njia inabadilika lakini mlinzi ni yule yule.

Faiawoli nyingi za biashara zina nafasi ya njia mbili za intaneti. Nyingine zina tundu la kadi ya simu, nyingine zinapokea modemu ya USB au ruta ndogo ya 4G kwenye mlango wa pili. Waya unabaki njia ya kwanza, laini ya simu inasubiri. Fundi wako ataifanya hiyo kazi kwa muda mfupi, lakini kuna mambo ambayo wewe mwenye duka lazima umuulize.

La kwanza, faiawoli itajuaje kwamba intaneti imepotea? Kumbuka taa za ruta ya shangazi. Kifaa kikiangalia tu kama waya umechomekwa, kitadhani mambo ni shwari. Kinafaa kupima anwani iliyo mbali huko nje, tena zaidi ya moja, kwa mfano 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Kipime kila sekunde 5. Zikikosa kujibu zote mara tatu mfululizo, kihamie kwenye laini. Waya ukirudi, kingoje dakika kadhaa kabla ya kuurudia, la sivyo kitakuwa kinarukaruka siku nzima.

La pili, ni nini kitaruhusiwa kupita kwenye laini? Malipo yenyewe hula data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni vitu vingine. Kamera moja ya CCTV inayotuma picha kwa kasi ya Mbps 2 inakula karibu GB 0.9 kila saa. Mwambie fundi aweke sheria: wakati wa dharura, mfumo wa mauzo na eTIMS vipite, lakini Wi-Fi ya wateja, kamera na masasisho vingoje.

La tatu, laini ni ya kampuni gani? Kama waya wako umetoka kwa kampuni ya simu, usichukue laini ya kampuni hiyo hiyo. Huko kwao kukiwa na hitilafu, utapoteza vyote viwili kwa mpigo. Kabla ya kununua, zunguka dukani na simu yenye laini ya Safaricom, nyingine ya Airtel, uone ipi inashika vizuri pale kiboksi kitakapokaa. Ukuta wa mawe na mabati ya juu huua mawimbi. Pengine utahitaji antena ya nje. Laini isajiliwe kwa jina la biashara, na PIN ya kadi iondolewe, isije kifaa kikazimika na kuwaka tena kikakwama kikiuliza PIN saa mbili usiku.

Kuna jambo la nne ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Laini ya kawaida ya simu haikupi anwani yako mwenyewe ya mtandao; mnashirikiana na wengine wengi. Kutoka nje kwenda mtandaoni ni sawa, lakini mtu wa nje hawezi kukufikia. Kama mfumo wako wa kupokea taarifa za malipo uko kwenye kompyuta iliyo hapo dukani, taarifa hizo hazitafika ukiwa kwenye laini. Mfumo wa aina hiyo heri ukae kwenye seva iliyo nje ya duka. Na kama mtoa huduma yeyote anaruhusu anwani moja tu iliyosajiliwa, mjulishe mapema kwamba kuna siku utakuja na nyingine.

Tena njia ikibadilika, mawasiliano yaliyokuwa yanaendelea hukatika. Hapo ndipo yule mama alikatwa mara mbili. Wafundishe wafanyakazi sheria moja, waibandike kwenye kaunta: malipo yakikwama katikati, angalia hali ya muamala kwanza, ndipo utume ombi jingine.

Sitakudanganya kwamba laini ya simu inatibu kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki, na wa waya na wa simu wote walisikia. Mnara wa simu nao mwishowe hutegemea mkongo huo huo wa baharini. Na stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, faiawoli isiyo na UPS ilikuwa pambo tu. Minara mingi ina betri na jenereta. Kiboksi chako je? Lakini ajali nyingi za duka ni ndogo na za karibu: jembe limegonga waya, lori limeangusha nguzo, bili imesahaulika. Hizo laini ya simu inaziweza.

Wengine wataniambia gharama. Piga hesabu yako mwenyewe. Chukua mauzo ya Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, ugawe kwa saa ulizofungua. Hiyo ndiyo bei ya saa moja bila mtandao, bado hujaongeza wateja waliohamia duka la pili na hawakurudi. Linganisha na modemu moja na bando la kila mwezi. Sisi watu wa marketing tunapenda kukuuzia mabango na matangazo ya kuleta wateja. Ukweli ni kwamba kuleta mteja halafu ushindwe kumpokelea pesa ni kumtangazia jirani yako.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kununua bando. Bando la akiba huoza, tena bila harufu, na wengi huligundua siku ya shida. Kwa hivyo weka siku moja kila mwezi, kabla wateja hawajajaa, uchomoe waya kwa mkono wako. Fanya malipo ya shilingi 10. Toa risiti. Tazama kama ankara imeenda. Halafu rudisha waya.

Shangazi hufanya hivyo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, chai ikiwa mkononi. Mara ya kwanza ilifeli, bando lilikuwa limeisha wiki moja nyuma. Alicheka, akalinunua, akajaribu tena. Hakukuwa na foleni, na hakuna mama aliyekatwa mara mbili.