Mashine ikigoma, orodha yako iko wapi?

Wiki hii mapenzi na mitindo ya nywele tuviweke kando kidogo. Kuna jambo linawaliza vijana wengi wa mjini kimyakimya, nalo ni kompyuta kufa na kila kilichokuwamo.

Laptopu siku hizi si pambo la kutafutia ujiko mbele za watu, ndiyo ofisi na ndiyo duka. Mchukue kijana mwenye steshenari yake Ngamiani. Asubuhi anachapa barua za kuomba kazi, mchana anapanga kadi za harusi, jioni anawaingizia watu miziki kwenye flashi. Kachagua Linux kwa sababu haina gharama ya leseni, na mashine iliyochoka inaivumilia. Ghafla umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, diski inagoma. Fundi anakuja na jibu lake lilelile: "Tunapiga upya, bosi." Mashine inarudi nyeupeee! Wakati huohuo mteja kasimama mlangoni, maombi yake yanafungwa saa kumi jioni. Hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Sasa tuelewane, washikaji. Kupotea kwa programu na kupotea kwa kazi zako ni misiba miwili tofauti, na kila mmoja una dawa yake.

Tuanze na programu. LibreOffice ya kuandikia, GIMP ya kuchezea picha, VLC ya muziki, zote zipo mtandaoni bure, hazijaenda popote. Kinachopotea ni kumbukumbu. Nani atakumbuka kila alichokiweka kwa miaka mitatu? Kwa hiyo iambie mashine ikuandikie orodha ingali hai. Kama unatumia Ubuntu, Mint au Debian, fungua lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

apt-mark showmanual > orodha.txt

Basi, umemaliza! Umepata faili dogo lenye majina ya programu ulizoziweka mwenyewe pamoja na zile za msingi zilizokuja na mfumo. Liweke kwenye flashi na ujitumie kwa barua pepe. Siku mashine ikipigwa upya, rudisha faili hilo, kisha uandike:

sudo apt-get update
sudo xargs -a orodha.txt apt-get install

Inakuuliza kama unakubali, unakubali, unakwenda zako kunywa chai. Ikilalamika kwamba jina fulani haijaliona, lifute jina hilo kwenye orodha, urudie. Hutokea sana ukihama toleo, maana majina mengine hubadilika. Na kama uliwahi kuongeza vyanzo vya nje, nakili pia folda ya /etc/apt, la sivyo mashine haitajua pa kuzitafuta programu hizo. Zile zilizoingia kwa njia ya Snap au Flatpak hazimo kwenye orodha hii. Andika snap list au flatpak list, uyanakili majina pembeni.

Utasema, "Ah, mtandao si upo?" Upo, bwana, lakini nao una siku zake. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa intaneti ikawa ya kusuasua. Siku kama hiyo orodha peke yake itakufaa nini? Na hata mtandao ukiwa mzima, bando la kushushia programu zote upya halitoki mbinguni.

Kwa hiyo weka akiba ya vifurushi vyenyewe. Ukiweka programu kwa amri ya apt-get, faili zake zenye mkia wa .deb hubaki ndani ya /var/cache/apt/archives. Zinakili kwenye flashi. Angalia lakini: ukitumia apt tupu, kwa kawaida faili hizo hufutwa programu ikishakaa. Na ukiandika apt-get clean, umejifagilia ghala mwenyewe. Siku ya shida, piga toleo lilelile la mfumo, ingia kwenye folda ya hizo faili, andika sudo dpkg -i *.deb, na mashine inazipanga bila kugusa mtandao hata chembe.

Msiba wa pili ndio mzito. Barua za wateja, picha za harusi za watu, hesabu za duka, hivyo havipo kwenye seva yoyote duniani. Vikienda, vimekwenda. Nakili folda yako yote ya nyumbani, ile ya home, pamoja na mafaili yaliyojificha yanayoanza na nukta, kwani humo ndimo mipangilio ya programu inamokaa. Bonyeza Ctrl na H yajitokeze. Hutaki usumbufu? Ipo programu iitwayo Déjà Dup, inahifadhi yenyewe kwenye diski ya nje kila wiki. Ila diski hiyo usiiache imechomekwa saa zote, maana umeme ukileta vituko vitakufa vyote viwili.

Na wale wanaodhani Linux ni mambo ya Wazungu, wajue kwamba tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Kwa hiyo tusizugane kwamba hatuwezi.

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Kwa wageni ni utani mtamu, kwa mafaili yako ni kilio. Jumamosi hii, kabla hujatoka kwenda Raskazone kupunga upepo, kaa dakika kumi, toa orodha, jaza flashi. Halafu fungua faili mbili tatu kwenye hiyo flashi uone kama kweli zinafunguka, kwa sababu bakapu ambayo hujaijaribu ni sawa na mwavuli ambao hujawahi kuufungua: utajua umetoboka siku ya mvua.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Alamsiki!