Wosia Uliozeeka ni Shahidi wa Uongo

Wapo waumini wanaosema, "Mimi wosia nimeshaandika, nimemaliza." Sisi tunawaambia wazi: hamjamaliza.

Hapa Kwedizinga, kuanzia Handeni hadi Korogwe, urithi mkubwa ni ardhi, na ardhi haitulii. Wosia ulioandikwa mtu akiwa na watoto wawili na ekari tatu za mahindi hauwezi kusema kweli juu ya watoto watano, nyumba ya mjini na shamba la michungwa. Msimamizi aliyetajwa pengine amekwisha kufariki. Kiwanja kilichotajwa pengine kimekwisha kuuzwa. Kitinda mimba hamo kabisa. Karatasi hiyo inashuhudia uongo, na sahihi ni ya mwenyewe.

Wengine hujibu kwamba watarekebisha kwa mdomo, wazee watakapokusanyika kitandani. Hapo ndipo penye hatari. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinasema wosia wa mdomo hauwezi kufuta wosia wa maandishi. Hata ukoo mzima ukisikia maneno yako ya mwisho, karatasi ya zamani itayashinda. Kwa kanuni hizo hizo, anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua huhitaji wanne. Je, kuwaita hao tena ni kazi nzito kuliko ndugu kushtakiana Mahakama ya Mwanzo?

Wapo pia wanaodai kwamba kuurudia wosia kila mara ni kukosa imani. Wasome Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kwa kuwa utaratibu wa urithi uliwasahau. Mungu hakuwaambia wavumilie. Aliagiza wapewe fungu lao. Wasome na 1 Wafalme 1: Daudi alichelewa kumtangaza mrithi wake, na Adonia akajitwalia ufalme baba yake angali hai.

Basi kila ndoa, kila mtoto, kila msiba, kila shamba linalonunuliwa au kuuzwa, iwe siku ya kuufungua wosia na kuusoma upya. Wachungaji na makatekista wauulizie wanapotembelea nyumba. Anayesema amemwachia Mungu, huku karatasi yake ikimnyima mjane paa la nyumba, asijifiche nyuma ya Jina hilo.