Lenzi Mpya, Picha Ile Ile

Nashika kalamu kueleza maradhi ambayo hayatibiwi zahanati. Ni maradhi ya kutamani chombo kipya kila ukikiona. Wengine wenu mnayo kwa viatu vya mpira, wengine kwa simu (mwalimu wa zamu anawajua nyote). Mimi yalinishika kwa kamera, na yalinifikisha mahali pa aibu.

Hapa kwetu Ndau, kama kwingineko Lamu, arusi ina upande wa wanawake, na mwanamume mwenye kamera hakanyagi huko. Kwa hivyo msichana anayejua kupiga picha hakosi kazi. Mjomba wangu aliporudi kutoka Mombasa aliniletea Canon iliyotumika, imechubuka pembeni, na lenzi yake ile ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Kina mama waliniamini kwa sababu siwaonyeshi watu picha zao. Namkabidhi mwenye arusi zote, atazisafisha mwenyewe akitaka, kwangu haibaki hata moja ila kwa ruhusa. Malipo ni shilingi mia tano, siku nyingine elfu moja, siku nyingine sahani ya pilau.

Mama na mimi tulikubaliana kwamba pesa hizo ni za tangi. Bahari imetuzunguka pande zote, lakini maji matamu ni taabu, na mvua ndiyo tegemeo letu kubwa. Asiye na pa kuyakinga huyatazama yakipita.

Basi nikaanza kutazama picha za watu kwenye simu ya kaka yangu. Nyuso zimekolea, na nyuma kumeyeyuka kama samli. Nikajiambia, kumbe kinachonizuia ni lenzi! Nikaota lenzi ya milimita 50, ambayo jicho lake hufunguka pana likaingiza mwanga mwingi. Sikuota usiku tu, hata katika kipindi cha hesabu. Mwezi wa pili nikampata muuzaji Mombasa, nikatuma shilingi 9,500. Mama nilimwambia baadaye. Hakunigombeza. Alinyamaza, akainuka akaenda kufunika mitungi. Wallahi, afadhali angenipiga.

Lenzi ilifika, nzima kabisa, wala sikuibiwa. Juma la kwanza nilipiga kila kitu: paka, nyavu, mashua gatini, mkono wangu mwenyewe. Halafu masika yakaingia. Usiku mmoja mvua ilinyesha mpaka alfajiri, nami nimelala nikisikia maji yakitoka batini na kumwagika mchangani. Kaskazi iliyofuata tulikuwa tukinunua maji kwa mtungi, na mimi ndiye niliyetumwa kuyaleta.

Siku moja nilitaka kuthibitisha kwamba pesa hazikupotea bure. Nilichukua picha tano za lenzi ya zamani na tano za lenzi mpya, zote za jamaa zetu, nikazichanganya, nikampa bibi achague iliyo bora. Alizitazama moja moja, akashika moja, akaanza kulia. Ilikuwa picha ya dada yake, marehemu sasa, anacheka huku akifunga leso. Ilipigwa kwa lenzi ya zamani, na pembeni imeungua kwa mwanga. "Mjukuu wangu, una mato," aliniambia. Sikumweleza habari ya milimita.

Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza juu ya wapiga picha wenyewe. Nawataja wawili tu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Alianza angali mwanafunzi, kwa Box Brownie kuukuu, ambayo ni kisanduku chenye lenzi sahili isiyobadilishwa. Chombo cha namna hiyo hakikupi njia ila kutembea: ukitaka uso wa mtu, msogelee. Miaka mingi baadaye, mwaka 1984, filamu yake ya njaa ya Ethiopia iliutikisa ulimwengu. Mwaka 1991 mlipuko ulimkata mkono wa kushoto huko Addis Ababa, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka karibu na Komoro.

Wa pili ni wetu, Omar Said Bakor wa Lamu mjini, aliyefariki mwaka 1993. Kazi alijifundisha mwenyewe. Katika Bakor Studio alikata picha akazibandika pamoja, akaunda mambo ambayo leo watu hudhani hayawezekani bila kompyuta. Makasi na gundi, jamani!

Najua mtakalonijibu. Mtasema Mohamed Amin hakubaki na Box Brownie, alipokomaa alitumia mitambo ya maana. Kweli, wala sibishi. Mvuvi hapewi mshipi mmoja akaambiwa aridhike nao maisha yake yote, na mimi siwapendi wanaowahubiria maskini kuridhika. Mwaka jana kadi yangu iliharibika katikati ya arusi nikapoteza picha za bibi arusi akitolewa nje, na hazirudi tena. Nilinunua kadi nyingine kesho yake bila kujuta. Hilo lilikuwa pengo ninaloweza kulionyesha kwa kidole. Lenzi ilikuwa pengo nililoonyeshwa na simu.

Tena hapa kwetu kila chombo kina mlo wake. Chumvi ya bahari hula vyuma, na unyevu huotesha ukungu ndani ya vioo. Ukiwa na lenzi mbili unafuta mbili, unakausha mbili, unazificha mbili na mchanga. Sasa aliye na sita analala saa ngapi?

Siku hizi nina daftari. Nikitamani kitu naandika jina lake, bei, na picha moja ya kweli niliyoikosa kwa kutokuwa nacho. Picha siikumbuki? Nakifuta papo hapo. Nikiikumbuka, nasubiri bamvua mbili zipite, yaani kiasi cha mwezi, ndipo nafungua daftari tena. Mpaka sasa nimeandika vitu kumi na moja. Vilivyobaki bila kufutwa ni viwili, na kimoja ni kitambaa cha kufutia kioo. Kwa kazi nimejipa masharti: wiki nzima lenzi ile ile ya zamani, picha 36 tu, kama filamu za zamani, zikiisha zimeisha. Sasa nangoja kabla ya kubonyeza. Zamani nilikuwa nikibonyeza kisha natumaini.

Tangi lilishushwa gatini mwezi uliopita, la lita 1,000. Mama alilizunguka mara mbili akaligonga kwa vidole, akaniambia nimpige picha naye kando yake. Nilimpiga kwa lenzi ya zamani, maana ile mpya isingelienea tangi zima.

Cha pili kilichobaki daftarini ni stendi ya miguu mitatu. Bamvua moja imeshapita.