"Sneaked" ama "snuck"? Mabishano ya kuchekesha yenye somo kwetu pia

Kati ya wasemaji wa Kiingereza kuna ubishi usiokwisha, na wengi wanaufanya kwa kicheko: wakati uliopita wa kitenzi fulani ni upi? Mtu aliyeingia kwa kunyatia, tuseme "sneaked" ama "snuck"? Aliyejitupa majini, "dived" ama "dove"? Mmoja anafungua kamusi, mwingine anasema kwao hawajawahi kusema hivyo, wa tatu anatunga neno lisilokuwepo ili wote wacheke.

Kwao ni mchezo. Lakini kwa kijana wa Goma, Bukavu ama Bunia anayejifunza Kiingereza ili apate kazi, neno hilo moja linaweza kumpunguzia alama kwenye mtihani. Ndiyo maana inafaa kuuliza: katika lugha, nani anaamua kwamba hili ni kosa?

Kanuni na waasi wake

Kanuni ya Kiingereza ni nyepesi: ili kusema jambo lililopita, ongeza "-ed" mwishoni mwa kitenzi. "Walk" inakuwa "walked", basi. Shida ni vitenzi vinavyokataa kutii: "go" inakuwa "went", "buy" inakuwa "bought", "sing" inakuwa "sang". Yeyote aliyepitia sekondari hapa kwetu anaikumbuka ile orodha ya safu tatu iliyokaririwa kama wimbo.

Wanaocheza na vitenzi hivi wanafuata mantiki mpaka inavunjika. Kama "drink" inakuwa "drank", mbona "think" isiwe "thank"? Kama "freeze", yaani kuganda, inakuwa "froze", basi "squeeze", yaani kukamua, iwe "squoze". Watoto wa Kiingereza wanafanya hivyo bila mzaha: wanasema "goed" badala ya "went". Hawakumsikia mtu mzima akisema hivyo. Wameigundua kanuni wenyewe, kisha wameitumia pasipotakiwa.

Mwaka 1958, mtafiti Mmarekani Jean Berko alitangaza matokeo ya jaribio lililopata sifa kubwa. Aliwapa watu vitenzi vya kubuni na kuwaomba waviweke katika wakati uliopita. Kwa kitenzi "gling", ambacho hakipo, watu wazima wengi hawakuongeza tu "-ed". Walijibu "glang" ama "glung", wakiiga "sing" na "sang". Maana yake, hata waasi wana mtindo wao, na mtindo huo bado unavuta wafuasi.

Mabishano haya yameshafika hadi kwenye televisheni. Muigizaji Jennifer Garner alimsahihisha mtangazaji Conan O'Brien kwa kusema "snuck", akimwambia hilo si neno. O'Brien alitafuta kwenye kamusi na kulikuta humo.

Hesabu ya watafiti

Nyuma ya kicheko kuna utafiti wa kweli. Mwaka 2007, kikundi cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichapisha katika jarida la Nature hesabu ya vitenzi hivyo. Walianza na vitenzi 177 ambavyo havikufuata kanuni katika Kiingereza cha zamani, miaka kama 1.200 iliyopita. Katika Kiingereza cha enzi za kati vilibaki 145. Leo vimebaki 98. Vingine vyote vimejiunga na "-ed". Kwa mfano, wakati uliopita wa "help", yaani kusaidia, zamani ulikuwa "holp". Leo ni "helped", na hakuna anayelilia neno la zamani.

Je, ni vipi vinavyookoka? Vile vinavyotumika sana. Watafiti walikuta kwamba kitenzi kinachotumika mara 100 chini ya kingine kinaingia katika kanuni kwa mwendo wa mara 10 zaidi. Sababu inaeleweka: neno tunalolisikia kila siku halisahauliki, hata likiwa na umbo la ajabu. Neno linalosikika mara moja kwa mwaka, mtu akilihitaji halikumbuki, basi anarudi kwenye kanuni. Ndiyo maana "be", "have", "do", "go" na "say", vitenzi vya kila saa, vyote ni waasi.

Lakini mto haumwagiki upande mmoja tu. "Sneaked" ndilo umbo la zamani na linafuata kanuni, huku "snuck" ikiwa ni uzao wa Marekani wa mwisho wa karne ya 19. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Science baada ya kupekua mamilioni ya vitabu, ulikadiria kwamba kila mwaka asilimia 1 hivi ya wasemaji wa Kiingereza wanahama kutoka "sneaked" kwenda "snuck". "Dove" nayo ilizaliwa Amerika ya Kaskazini kwa kuiga "drive" na "drove". Kwa hiyo yule anayetetea "dove" kama urithi wa mababu anatetea neno changa kuliko "dived".

Na kwetu je?

Msomaji wa Kiswahili anaweza kusema: bahati yetu, sisi hatuna fujo hiyo. Tuangalie vizuri. Tunasema "alisoma", "alipika", "alilima". Lakini hatusemi "alila" wala "alinywa". Tunasema "alikula", "alikunywa", "alikufa", "alikuja", "alikuwa". Vitenzi hivi vifupi vinabaki na "ku" yake pale ambapo vingine vinaiacha. Na tazama ni vitenzi gani: kula, kunywa, kufa, kuja, kuwa. Ni maisha yenyewe. Kwetu pia, wanaovunja kanuni ni wale tunaowatumia kila siku.

Ubishi pia tunao. "Nilienda" ama "nilikwenda"? Yote mawili yanakubaliwa, lakini mtu bado anasahihishwa. Na kuna lile la kwetu hasa: "tulikuwaka", "alisemaka". Kwa mkaaji wa Kivu, kile kipande "-ka" kinaongeza maana, kinaonyesha mazoea ama jambo la zamani. Akivuka mpaka na kulitamka huko Tanzania, anachekwa kana kwamba hajui lugha.

Hapo ndipo mchezo unaisha. Mmarekani anayesema "dove" hachekwi kama asiyesoma, kwa sababu nchi yake ina kamusi zake, vyuo vyake na sinema zake. Umbo lake limeandikwa, basi limekuwa sahihi. Umbo letu linasikika sokoni na nyumbani, lakini vitabuni ni haba. Tofauti kati ya kosa na lahaja mara nyingi ni hiyo tu.

Tangu RDC iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza na Kiswahili sanifu vimekuwa vyombo vya kazi kwa wafanyabiashara, madereva na wanafunzi wetu. Kuvijifunza ni lazima. Kwenye mtihani, andika "dived" na "sneaked", hakuna atakayekukata alama. Ukiandika "learned" badala ya "learnt", ama "burned" badala ya "burnt", mwalimu asikufutie, kwani yote mawili ni Kiingereza halali.

Lakini ukirudi nyumbani, usione haya kusema "tulikuwaka". Wasemaji wa Kiingereza wamebishana juu ya vitenzi vyao kwa karne nyingi na lugha yao haikufa. Kinachoua umbo la lugha ni kuachwa. Wenye kuliacha ama kulishika ni wasemaji wenyewe.