boygenius: Grammy tatu kwa albamu ya kwanza, kisha mapumziko

Msanii chipukizi akishinda Grammy, hapumziki. Lebo inataka pesa yake irudi, mapromota wanataka tarehe. Sasa mbona boygenius waliweza?

Jibu ni kwamba kundi hili halikuwa chipukizi hata kidogo. Phoebe Bridgers, Julien Baker na Lucy Dacus, Wamarekani watatu wanaopiga roki iliyokaa jirani na muziki wa asili wa magitaa, kila mmoja alishakuwa na albamu zake na mashabiki wake. Mwaka 2018 walikuwa wanakwenda ziara moja, wakarekodi EP ya nyimbo sita. Basi. Ikapita miaka mitano ndipo albamu kamili, The Record, ikatoka Machi 31, 2023 kupitia Interscope.

Ikashika namba moja Uingereza na namba nne kwenye Billboard 200. Februari 2024 ikawapa Grammy tatu. Lakini siku chache kabla ya tuzo, walishasema wanapumzika kama kundi.

Ukiisikiliza albamu unaelewa. Haina bosi. Wimbo wa kwanza hauna ala, ni sauti tatu tu, na baada ya hapo wanapokezana: mmoja analeta wimbo, wawili wanamwitikia. Watu wanaogombea nafasi hawaimbi hivyo. (Hata jina lenyewe ni dongo kwa wanaume wanaoambiwa tangu utotoni kwamba kila wanachowaza ni cha ajabu.)

Jalada la EP yao liliiga lile la Crosby, Stills & Nash la 1969, watatu kwenye kochi. Wale nao walikuwa wazoefu, na bado wakapewa Grammy ya msanii mpya. Mwaka uliofuata Neil Young alishaingia, na kabla 1970 haijaisha ugomvi ukawatawanya. boygenius waliondoka mezani mapema, chakula kikiwa bado cha moto.

Anayeumia ni shabiki aliyewajua kupitia kundi. Wenyewe wamerudi makwao: Dacus alitoa albamu Machi 2025, Baker akafuata Aprili na albamu ya kantri akiwa na Torres. Interscope nayo haikupoteza sana. Albamu ya Dacus ilitoka kupitia Geffen, lebo dada yake.