Si Kila Sauti Ni Pepo, Wala Si Kila Sauti Ni Wazimu

Nilipokuwa daktari mchanga, mjane mmoja alinijia akisema kwamba kila alfajiri humsikia marehemu mumewe akimwita. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwandikia tembe za wagonjwa wa akili bila kumwuliza swali la pili. Kumbe mama wa watu alikuwa akila, akilala na kuuza mboga zake kama kawaida. Alikuwa na msiba tu, na wafiwa wengi husikia sauti kama hiyo. Tembe zangu zilimtetemesha mikono na kumsinzisha sokoni. Hadi leo naona aibu.

Hapa Kitengela mambo huenda kinyume pia. Miaka michache iliyopita nililetewa kijana kutoka upande wa Kajiado ambaye hakuwa amelala kwa siku tano, akidai ameamriwa na Mungu afunge hata maji. Dawa alikuwa nazo. Aliziacha kwa ushauri wa mtumishi mmoja aliyemwambia kwamba tembe ni dalili ya imani haba. Baada ya Shakahola, ambako tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa, sidhani mhubiri yeyote ana haki ya kutoa ushauri kama huo.

Utawatofautishaje wawili hawa? Usiulize kwanza sauti imetoka wapi. Uliza inamfanya nini mwenyewe. Analala? Anakula? Anaiweza kazi yake? Anaamriwa ajiue au amdhuru mwenzake? Ikiwa imeanza ghafla pamoja na homa, huenda ni malaria iliyopanda kichwani. Na mama aliyejifungua juzi akianza kuona maruerue, mpeleke hospitali siku iyo hiyo.

Simaanishi kwamba maombi ni bure. Ng'ambo ya mpaka wetu wa Namanga, Wamaasai wa Tanzania huita orpeko pepo anayewapata hasa wanawake, na mtafiti Dorothy Hodgson ameandika jinsi wengi walivyopona walipobatizwa na kukaa na wenzao kanisani. Nao wataalamu wa akili wa Marekani walikubali katika mwongozo wao wa mwaka 1994 kwamba tatizo la kiroho laweza kuhitaji msaada bila kuwa ugonjwa.

Kwa hivyo, mchungaji, omba naye, lakini usimwachishe dawa. Kijana wangu sasa hupiga ngoma kanisani, na kila mwezi mchungaji wake mpya humleta kwa pikipiki achomwe sindano, akiketi naye kwenye benchi hadi zamu yao ifike.