Kuchora Ndovu kwa Rangi za Mafuta

Mtu aanzaye kuchora wanyama kwa rangi za mafuta hukimbilia nyeusi na nyeupe, akazichanganya, akampaka ndovu wake kijivu kitupu tangu mkongani hata mkiani. Apatacho ni mnyama wa bati. Ndovu hujirushia vumbi na kugaagaa matopeni, basi huvaa rangi ya nchi aliko: wa Tsavo ni mwekundu kama tofali, na wa Amboseli amepauka kama majivu. Kwa hiyo uchore udongo kwanza, kisha rangi ile ile uipake kidogo mgongoni mwake. Hapo ndovu atasimama juu ya ardhi, badala ya kuning'inia hewani.

Turubai si lazima. Ubao laini uliopakwa rangi nyeupe ya msingi watosha.

Usianze na jicho wala pembe, ingawa ndivyo mkono utakavyo. Finya macho umtazame mnyama hata usione ila mahali pa mwanga na mahali pa kivuli. Vivuli hivyo uvipake kwa kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini. Kijivu chenye uhai hupatikana kwa kuchanganya rangi nyekundu ya udongo na buluu.

Sasa jambo liwaharibialo wengi kazi. Rangi za mafuta hazikauki kama nguo iliyoanikwa. Mafuta ya kitani yaliyomo huvuta oksijeni ya hewani, yakaganda polepole. Tabaka la chini likiwa na mafuta mengi kuliko la juu, la juu hutangulia kukauka, kisha hupasuka wakati la chini lingali likijivuta. Kwa hiyo tapentaini iwe nyingi mwanzoni, na mafuta yaongezwe kadiri uendeleavyo. Picha iliyopakwa kinyume chake yaweza kupendeza sana siku ya kuuzwa, na baada ya miaka michache ikajaa nyufa. Naye aliyeinunua hatarudi kununua ya pili.

Na vile vitambaa ulivyofutia brashi, usivilundike pembeni mwa nyumba. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na lundo la vitambaa laweza kuwaka lenyewe pasipo kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke na kukakamaa, au uvitie katika mkebe wa bati wenye maji, ukaufunike.